Bundi kafa uani: hakutumwa na mtu

Hapa Tabora, bundi akikutwa amekufa uani asubuhi, neno la kwanza ni "tumetupiwa", yaani tumerogwa. Si kweli. Ana sababu ya kifo, na mara nyingi utaiona ukimtazama vizuri.

Anza na dirisha. Kioo kinachoakisi mwembe, ndege hukiona kama mwembe wenyewe, akakipiga kwa kasi yote. Kitazame kwa pembeni kwenye mwanga: huenda ukaona alama ya vumbi la manyoya, hata umbo la bawa. Vitundu vya meno na manyoya yaliyotapakaa ni kazi ya paka.

Kwa bundi, fikiria pia sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda, na panya huchukua siku kadhaa kufa. Katika siku hizo anazubaa, bundi anamdaka kirahisi, na sumu inahamia kwake. Damu mdomoni bila jeraha inaashiria hilo, ingawa pigo la kioo nalo huitoa. Inauma, maana huyo ndiye aliyekuwa akikupunguzia panya bure.

Usimshike mkono mtupu. Vaa mfuko wa nailoni, mshike, ugeuze mfuko umfunike. Mfukie nusu mita chini, mbali na kisima, mbwa wasimfukue, kisha nawa kwa sabuni.

Wakifa kadhaa kwa siku chache, au kuku nao wakianza kuzubaa, huenda ni mdondo au mafua ya ndege. Usiwaguse, mwite afisa mifugo wa kata kwanza.