Masharti ya AMCOS yanabadilishwa kabla ya mkutano

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ghala lilisema: "Agenda ya 6: Marekebisho ya masharti." Basi. Halikutaja kifungu gani cha masharti, yaani kanuni za chama, wala maneno mapya. Chama chenyewe ni AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, cha wakulima wa tumbaku wilayani Kaliua, mkoani Tabora, nami nilikuwa nimeitwa kuwasaidia. Nilimwomba mwenyekiti aiahirishe agenda hiyo. Alikubali kwa shida, na hadi leo naamini tulifanya sawa.

Mtu hawezi kuamua jambo ambalo hajaoneshwa. Ninapoandaa marekebisho hutengeneza karatasi ya safu mbili: kushoto kifungu kama kilivyo sasa, kulia kama kinavyopendekezwa, na chini yake sababu kwa mistari miwili. Karatasi hiyo iende pamoja na tangazo la mkutano, kwa kuzingatia siku zilizotajwa kwenye masharti yenyewe, na isomwe kwa sauti kila kitongoji.

Kifungu cha Kaliua kilisema: "Mwanachama asiyeuza tumbaku kupitia chama kwa misimu miwili mfululizo atafutwa." Bodi ilikuwa na hoja ya kweli. Wapo waliochukua mbolea ya mkopo kupitia chama, kisha wakatorosha tumbaku na kuiuza kwingine, deni likawaangukia wenzao. Lakini karatasi ilipofika vitongojini, mama mmoja mjane alisimama akauliza: "Msimu wa kwanza mume wangu aliugua, wa pili tukamzika. Na mimi nafutwa?" Kikao kilinyamaza. Pale pale tukaandika upya: "anaweza kufutwa na mkutano mkuu, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza." Watoroshaji bado wanabanwa, na mjane ana pa kusemea.

Je, swali lile lingeulizwa kwenye mkutano mkuu wenyewe? Mimi ningelipokea, kwa sababu linapunguza ukali wa jambo lilelile lililotangazwa. Ila mjumbe akisimama na kusema "tukiwa hapa hapa, tupandishe na kiingilio," hilo ni jambo jipya na linahitaji tangazo lake. Waliobaki nyumbani walibaki wakijua hoja ni ya uanachama tu.

Halafu hesabu ya kura, mahali ambapo nimeona ugomvi mwingi kuliko pengine popote. Masharti mengi niliyoyasoma yanataka theluthi mbili, lakini theluthi mbili ya nani? Chukua chama chenye wanachama 312. Ikiwa ni theluthi mbili ya wanachama wote, zinahitajika kura 208. Ikiwa ni ya waliohudhuria, na wamekuja 180, kura 120 zinatosha. Maneno hayo yasomwe mbele ya watu kabla ya kupiga kura, akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji) ihesabiwe, na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe kwenye muhtasari. "Wengi walikubali" si idadi.

Kura hizo zinahitaji watu, kwa hiyo msiite mkutano wa namna hii wakati watu wako mashambani wanachuma majani na kulala kwenye mabani ya kukaushia tumbaku wakichochea moto. Sisi tulisubiri masoko yafungwe.

Mikono ikishanyanyuliwa, bodi nyingi huanza kutumia kifungu kipya kesho yake. Hapana. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, marekebisho hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Pelekeni maandishi ya marekebisho pamoja na muhtasari uliosainiwa kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, pale Tabora mjini. Wakati mwingine yanarudishwa kwa sababu kifungu kipya kinapingana na kingine ambacho hakuna aliyekikumbuka, ndiyo maana mimi husoma kitabu kizima cha masharti kabla ya kugusa mstari mmoja. Hadi nakala iliyosajiliwa irudi, anayemfuta mwanachama kwa kifungu kipya anamfuta kwa kifungu kisicho na nguvu, na mwanachama huyo ana haki ya kulalamika kwa Mrajis.