Tafakari haitumwi kwa simu

Kila alfajiri, jogoo wa jirani hajamaliza zamu yake, simu yangu inaingia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili wenye kichwa "Tafakari ya leo". Mtumaji ni shangazi. Msemaji simfahamu, anasoma Injili ya siku, anaifafanua, anawakemea walevi, anabariki, amina. Ni mahubiri mazuri tu. Juzi nilichelewa kuyasikiliza, shangazi akaniuliza, "Leo hujafanya tafakari?" Nikamjibu bado, nitaifanya jioni. Akasema ya jioni hajatumiwa.

Maana niiseme haraka, haina ugomvi. Tafakari, katika mapokeo ya sala ya Kikristo, ni mtu kukaa kimya mbele ya Mungu na kulipitia kwa akili na moyo neno alilolisoma au siku aliyoiishi. Basi.

Ugomvi uko kwenye neno lenyewe. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa fikra, fikira na fikiri. Lakini hatukuuchukua mzizi mtupu, tulichukua umbo lake lenye ta- mbele, na katika Kiarabu umbo hilo mara nyingi humrudishia mtendaji tendo lake: analifanya, nalo linaishia kwake. Ndugu zake tunao tele: tabasamu, takabari, taharuki, tahadhari. Hebu jaribu kumfanyia mwenzako lolote kati ya hayo. Hakuna anayetabasamu kwa niaba ya mtu (kile kikatuni cha njano cha kwenye simu hakihesabiki). Naweza kukuonya mpaka sauti ikauke, ila kutahadhari utatahadhari mwenyewe. Mhubiri naye anaweza kunifikirisha, na shukrani nyingi kwake, lakini kutafakari kunabaki kazi yangu.

Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili waliliweka mahali pake. Katika Mwanzo 24:63 Isaka anatoka kwenda kondeni wakati wa jioni, kutafakari. Yuko peke yake, na anapoinua macho anaona ngamia wanakuja, mmoja wao amembeba mke wake mtarajiwa. Katika Zaburi 1:2 mwenye heri huitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni haga, na nabii Isaya anakitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4) na kwa njiwa anayeomboleza (38:14). Kwa hiyo mtu wa Zaburi hakuketi kusikiliza. Ananong'ona, neno liko kinywani mwake, analirudia mpaka lilainike.

Wamonaki wa zamani wa Ulaya, watawa wa kuishi monasterini, kazi hiyo waliiita kucheua. Aliyekulia kwenye ng'ombe haelezwi: mnyama kalala kivulini, macho nusu, taya linakwenda, anayarudia majani aliyoyala asubuhi. Sijawahi kuona ng'ombe anayecheuliwa na mwenzake.

Kuna na kosa la upande wa pili, la sisi tuliopita semina mbili tatu. Tunaona tafakari ni neno la kawaida mno, tunasema "taamuli", kisha tunaeleza jinsi tulivyofanya taamuli juu ya michango ya jumuiya. Hapana. Guigo wa Pili, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, alipanga ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli juu kabisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yake, nayo inavitenga, tafakari kuanzia namba 2705 na taamuli kuanzia 2709. Katika tafakari bado unafanya kazi, unauliza, unalinganisha, unajitafuta ndani ya habari. Kwenye taamuli maneno yameisha, umebaki kutazama. Katekisimu inamtaja mkulima wa Ars, kijiji cha Ufaransa, aliyekuwa akisali mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, alimweleza paroko wake hivi: "Namtazama, naye ananitazama." Hapo michango ya jumuiya haina nafasi.

Ile ya jioni sasa, ambayo shangazi hajatumiwa. Anayetajwa sana kwayo ni Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo kuna hatua tano: kushukuru kwa mema uliyopokea, kuomba neema ya kujitambua, kuipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Kwa Kilatini inaitwa examen, na hapo ndipo wengi wanaposikia "mtihani" wakaogopa. Mtihani kwetu ni karatasi na msimamizi, au ni balaa, kama tunaposema fulani kapata mtihani. Kwa Warumi, examen kilikuwa pia kile kijiti cha katikati ya mizani kinachoonyesha upande gani umelemea. Kijiti hakitoi alama, wala hakimfelishi mtu. Nacho huwezi kukisoma kabla hujaweka mzigo, ndiyo maana shukrani inatangulia.

Tena si jambo geni kwetu. Sala ya jioni ambayo Wakatoliki wengi wa Tanzania waliishika utotoni huanza kwa kumshukuru Mungu kwa mapaji ya leo, na baadaye tunaalikwa kuwaza moyoni makosa ya siku, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Kisha kimya kidogo. Kisha Nakuungamia, sala ya kukiri dhambi. Kimya hicho ndicho tafakari ya jioni, na kwa kawaida anayesalisha hukipa pumzi mbili, kwa kuwa ugali unapoa.

Shangazi husalisha nyumbani kwake kila siku. Nimemwomba pale kwenye kimya akae zaidi kidogo, walau mpaka afike saa nne asubuhi ya siku yake. Ujumbe wa alfajiri aendelee kutuma, nausikiliza nikipiga mswaki. Ila kichwa chake aandike "Mahubiri ya leo".