Huduma ya timu kwa magonjwa ya kudumu: ni nini hasa?

Presha na kisukari haviishi kwa dozi moja. Mgonjwa anaishi navyo miaka na miaka, na dakika chache za daktari kila mwezi hazimfikishi mbali. Ndiyo maana kazi inagawanywa. Muuguzi anapima na kupanga tarehe za kliniki, afisa wa kliniki anabadilisha dawa, mfamasia anahakikisha dawa hazigongani, na mhudumu wa afya ya jamii anabisha hodi kuuliza mbona hukuonekana. Daktari anaitwa mambo yakigoma. Mgonjwa naye ana zamu yake, kwani chumvi ya mboga anaitia yeye.

Hospitalini hilo linawezekana, maana watu wapo. Zahanati ya mtaa wa Mathare, Nairobi, yenye wauguzi wawili na foleni ya chanjo itaitoa wapi timu? Jibu la Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya Kenya ya 2023 ni mitandao: hospitali moja inakuwa kitovu, zahanati na vituo vya afya vinaizunguka, na wataalamu wanavihudumia vyote. Mwaka huohuo wahudumu wa jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari.

Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, ilikuwa imeonja kitu cha namna hii mapema. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) liliunda vikundi vya wagonjwa 25 hadi 35 ambao hali zao zimetulia, wa presha, kisukari na virusi vya UKIMWI wakikaa pamoja. Kila baada ya miezi mitatu walikutana na muuguzi, wakapimwa, wakachukua dawa zilizofungwa tayari, wakaenda zao. Wa virusi na wa sukari benchi moja! Unyanyapaa hapo unapungua bila hotuba.

Kwa maoni yangu, uhaba wa watu si kikwazo kikubwa kuliko habari kutosafiri. Tazama daftari la mgonjwa wa Kayole: kurasa zimekunjika pembe, ukurasa mmoja una 160/100 bila tarehe, unaofuata una dawa mpya bila sababu, na ile ya zamani haikufutwa. Mama anameza zote mbili. Na presha aliyopimwa kwenye kemisti juzi haikuandikwa popote. Ukienda kupimwa, hata kwa mhudumu wa mtaani, toa daftari uandikiwe namba, tarehe na jina la dawa iliyosimamishwa.