Je, wajua kwa nini namba 20 kwenye dadu huwaumiza zaidi mashujaa kuliko mazimwi?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo wachezaji huigiza mashujaa wanaopambana na mazimwi yanayoendeshwa na msimamizi wa mchezo, dadu ya pande 20 ikisimama kwenye 20 meza nzima hulipuka kwa shangwe. Shujaa amepata kriti, yaani pigo zito: silaha imemfikia adui hata kama amevaa chuma mwili mzima, na madhara yanaongezeka.

Kila anayeshambulia hurusha dadu hiyo, akajumlisha nyongeza yake, kisha jumla ikalinganishwa na kiwango cha kinga cha adui. Ikifikia, amepiga, na hapo anarusha dadu za madhara. Kwa kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, mwenye 20 hurusha dadu za madhara maradufu, ila nyongeza inabaki ileile. Upanga mrefu una dadu ya pande 8. Mpiganaji mwenye nyongeza ya 3 kwenye madhara huleta wastani wa 7.5 kwa pigo la kawaida na 12 kwa pigo zito, kwa hiyo madhara hayafiki maradufu kama wengi wanavyodhani. Anayenufaika hasa ni yule anayevizia na kuchoma kwa kushtukiza, maana dadu zake zote za ziada nazo huongezwa maradufu.

Uwezekano wa kupata 20 ni asilimia 5 kwa kila mrusho. Ukiruhusiwa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, hupanda hadi asilimia 9.75.

Lakini mazimwi nao wana asilimia 5 hiyohiyo. Mtazame shujaa mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye pointi 7 za uhai. Goblini, zimwi dogo, akimpata kwa upanga wake uliopinda, madhara ni dadu moja ya pande 6 kujumlisha 2, wastani 5.5, na mara nyingi mchawi anabaki amesimama. Pigo zito ni dadu mbili kujumlisha 2, wastani 9. Mchawi yuko chini. Tena goblini yule kwa kawaida hupigana mara moja tu akafa, wakati shujaa anaingia vitani wiki baada ya wiki. Akishambuliwa mara 20, uwezekano wa kukumbana na walau pigo zito moja ni takriban asilimia 64.

Gygax aliliona hilo mapema. Katika kitabu cha wasimamizi wa mchezo cha mwaka 1979 aliyapinga mapigo haya waziwazi. Na alikuwa na sababu: Empire of the Petal Throne, mchezo wa M. A. R. Barker wa mwaka 1975, ulikuwa na kanuni kwamba 20 huleta madhara maradufu, na mrusho unaofuata ukileta 19 au 20, aliyepigwa anakufa papo hapo.

Kuna tatizo jingine. Mshambuliaji dhaifu ambaye hawezi kupiga ila kwa 20, kila pigo lake linalofika ni zito! Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, lilidai mrusho wa pili wa kuthibitisha: usipofikia kinga tena, pigo linahesabiwa la kawaida. Kihesabu ni sawa kabisa, ila linakata shangwe ikiwa bado mdomoni, na kwangu hiyo ni gharama kubwa mno.

Mimi napenda njia ya Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la mwaka 2019. Ukiizidi kinga ya adui kwa 10 au zaidi, ni pigo zito, na 20 yenyewe husogeza matokeo yako hatua moja juu, yaani kukosa huwa kupiga, na kupiga huwa pigo zito. Mpiganaji mzoefu huwapiga hivyo maadui dhaifu mara kwa mara, jambo linaloendana na ustadi wake. Zimwi lililokuzidi ngazi nyingi nalo litakufanyia vivyo hivyo, na hapo ni afadhali mkimbie mapema.