Peptidi ya kuziba na mstari unaotoweka

Kila mwanafunzi anaponiletea picha mbili za bloti (utando wenye protini za seli, ambapo protini iliyoshikwa na kingamwili huonekana kama mstari), moja ina mstari mweusi na nyingine, iliyotumia peptidi ya kuziba, ni tupu, huniambia kwa furaha kwamba kingamwili yake imethibitika. Nami humwuliza: imethibitika kwa lipi?

Peptidi ya kuziba ni kipande kifupi cha protini, mara nyingi cha asidi amino 15 hadi 20, kile kile alichodungwa mnyama ili mwili wake utengeneze kingamwili. Huchanganywa na kingamwili kabla ya kumiminwa juu ya utando. Ikitambuliwa, hujaza sehemu za kushikia, na kingamwili haiwezi tena kuikamata protini iliyo kwenye utando.

Mimi huanza na mikrogramu 5 za peptidi kwa mikrogramu 1 ya kingamwili. Uwiano huo wa uzito unaficha mambo, kwa kuwa IgG, aina ya kingamwili tunayotumia, ina takriban kilodaltoni 150 (kipimo cha uzito wa molekuli) ilhali peptidi ina 2 hivi, kwa hiyo ukihesabu molekuli utakuta peptidi zaidi ya 300 zinagombea kingamwili moja yenye sehemu mbili tu.

Maelekezo mengi husema mchanganyiko uachwe katika joto la chumba, na walioyaandika walikusudia nyuzi 20 hadi 25. Hapa Mombasa, msimu wa kaskazi, umeme ukikatika na kiyoyozi kikizimika, maabara yetu hupita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Kwa sababu hiyo mimi huuacha kwenye friji, nyuzi 4, usiku kucha, na kando yake naweka kichupa cha pili chenye kingamwili ile ile, bafa (mmumunyo wa kuchanganyia) ile ile na ujazo ule ule, ila bila peptidi. Anayechukua kingamwili mpya asubuhi kwa ajili ya ulinganisho hatajua kama mstari umefutwa na peptidi au na usiku.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kingamwili ya sungura iliyotoa mstari mmoja safi, penye ukubwa tulioutarajia, na peptidi ikaufuta kabisa. Tulipopata seli zilizoondolewa jeni ya protini tuliyoitafuta, mstari ulikuwa pale pale. Kingamwili ilikuwa ikishika protini nyingine yenye mfuatano unaofanana, na kwa vile iliishika kwa sehemu zile zile, peptidi iliizuia vilevile. Kutoweka kwa mstari kunaonyesha namna kingamwili inavyoshika, wala hakuonyeshi inashika nini. Hilo la pili huulizwa kwa seli zisizo na jeni, au kwa kingamwili nyingine inayolenga sehemu tofauti ya protini hiyo hiyo.

Hata hivyo sijaitupa peptidi. Mistari inayobaki baada ya kuziba huifuta mara moja katika hesabu zangu, kwa kuwa aghalabu inatokana na kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane, au na uchafu wa seramu, na hilo huniokolea wiki nzima ya kukisia.