Je, wajua kwa nini mnasihi wa kisukari anayefanana nawe husikilizwa zaidi?

Asubuhi, Mji wa Kale, Mombasa: mahamri manne, mbaazi za nazi, chai ya maziwa iliyokolea sukari. Mnasihi asiyeijua meza hii atamwambia mama, "Punguza mkate." Mama ataitikia kwa adabu, maana mkate hali. Aliyekulia mtaani atauliza, "Shangazi, mahamri mangapi? Na jioni je, na kaimati?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Na kinga ya kisukari ni mazungumzo hasa. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002, uliwafuata watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini hawajaugua. Waliosaidiwa na wanasihi kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuugua kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31. Nasaha zilishinda kidonge!

Je, kufanana kunaongeza nini? Huko Oakland, California, watafiti waliwapanga wanaume Weusi kuonana na madaktari Weusi au wasio Weusi. Walipoona picha ya daktari tu, hapakuwa na tofauti. Baada ya kuongea naye ana kwa ana, waliompata daktari Mweusi walikubali zaidi kupimwa sukari. Hao walikuwa madaktari, si wanasihi, lakini kwangu funzo liko wazi: sura peke yake haikufanya kitu, maongezi ndiyo yaliyofanya.

Hapa kwetu, rangi si jambo kubwa kama jinsia, umri na dini. Mama wa buibui hatafanya mazoezi ya kutembea ufukweni Mama Ngina na kijana wa kiume asiyemjua, hata akiwa mtaalamu kiasi gani. Mwenye kufunga Ramadhani anahitaji mtu anayeijua futari, ajue cha kupunguza bila kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Lakini ukaribu una miiba yake. Jirani anaweza kukuelewa sana, nawe ukamficha kwa kuogopa maneno ya mtaa. Wapo wanaomfungukia mgeni kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana sioni sababu ya kumpangia mtu mnasihi kwa kumtazama tu. Siku ya kujiandikisha kwa nasaha, kabla ya mizani na kipimo cha sukari, aulizwe: "Ungependa kukaa na nani?"