Faini ya mwajiri si fidia ya taniboi aliyeumia

Kuna ujumbe usiokauka kwenye magrupu ya madereva na mataniboi hapa Kenya: eti mwenye lori akishatozwa faini kwa kuvunja sheria ya usalama kazini, aliyeumia hana tena cha kudai, hasa kama hana mkataba wa maandishi. Si kweli.

Faini ni adhabu ya kosa. Fidia ni haki ya mfanyakazi chini ya sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007. Taniboi akipondwa vidole na mlango wa trela wakati wa kupakua simiti, mwajiri anaweza kutozwa faini na bado akadaiwa fidia. Sheria ya ajira, ya mwaka huohuo, inatambua hata mkataba wa mdomo.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Wengi wamezoea faini za trafiki: ukilipa, kesi imekwisha. Tena msimamizi akisema "tumeshalipa", ni nani anayeuliza amelipwa nani?

Sheria zote mbili zinasomeka mtandaoni, na afisa wa usalama na afya kazini katika kaunti yako anaweza kukufafanulia. Ukiumia, toa taarifa mapema. Weka karatasi za hospitali na jumbe za simu za malipo ya kazi. Zinasaidia kuonyesha ulikuwa kazini. Dai lina muda wake, miezi 12, na anayeamini ujumbe ule huupoteza bure. Tafadhali, ukiupokea, usiusambaze.